Mchezaji mrefu mwenye kovu: Tumchukue au tumwache?

WAHENGA walituachia usemi kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Sidhani waliouasisi usemi huo waliwahi kuuona mpira wa vikapu. Hata hivyo, kila mwaka, msimu wa kubadilishana wachezaji unapokaribia katika ligi ya NBA kule Marekani, wakuu wa klabu hukesha wakiupima usemi huo huo bila ya kuujua. Swali lao ni moja: je, yafaa timu itoe wachezaji wake walio wazima ili impate pandikizi la mtu mwenye kipaji tele, lakini ambaye hamalizi msimu bila ya kuumia?

Hapa Kambu, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, baina ya Kibwezi na Mtito Andei, swali hilo si geni kama abiria apitaye kwa basi anavyoweza kudhani. Vijana wetu hufuatilia mechi hizo katika simu zao, na jioni hubishana juu ya goti la fulani na wayo wa fulani kana kwamba wao ndio watakaotia sahihi hundi. Nimewasikiliza kwa muda mrefu na nimeona wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza hushikilia kwamba urefu haufundishwi, kwa hivyo ukiupata uuchukue hata ukiwa na kasoro. Kundi la pili husema kwamba mchezaji asiyecheza ni gharama tupu, hata akiwa mrefu kama mnara.

Nionavyo mimi, makundi yote mawili yamekosea mahali pamoja. Yote yanauliza habari za mguu wa mchezaji, na hakuna linalouliza habari za timu inayomtaka. Mtu yule yule, mwenye mguu ule ule, aweza kuwa hasara katika klabu moja na akawa baraka katika klabu nyingine. Ushahidi upo, na nitauleta.

Bei ya urefu

Kwanza tukubaliane kwamba tamaa ya watu warefu haikuzuka hivi hivi. Kikapu kimetundikwa mita 3.05 kutoka ardhini, na mtu anayekifikia bila ya kuhangaika ana faida ambayo kocha hawezi kumpa mwingine kwa mazoezi. Kasi hunolewa, na kulenga shabaha hufundishwa, lakini urefu mtu huzaliwa nao. Isitoshe, watu wenye urefu wa futi saba ni wachache mno duniani, na wale kati yao wanaoweza kukimbia, kuruka na kuushika mpira sawasawa ni wachache zaidi. Ndiyo maana klabu hufumba macho.

Sisi wa Afrika Mashariki tumeliona jambo hilo kwa karibu. Mwaka 2009, Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye urefu wa zaidi ya futi saba, aliteuliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA na klabu ya Memphis, akawa Mtanzania wa kwanza kuingia katika ligi hiyo. Furaha ilienea pwani na bara. Lakini Februari mwaka 2011 alikuwa amekwisha kupelekwa Houston kwa njia ya kubadilishana. Thabeet hakuangushwa na majeraha. Namtaja ili kuonyesha kwamba urefu pekee huweza kumpandisha mtu hadi nafasi ya pili duniani, hata kabla mchezo wake haujakomaa. Sasa, ikiwa urefu usio na kipaji kilichokamilika una bei hiyo, msomaji afikirie mwenyewe bei ya urefu wenye kipaji ambao tatizo lake pekee ni mfupa.

Na mfupa wenyewe una habari yake. Katikati ya wayo wa binadamu kuna mfupa mdogo wenye umbo la mtumbwi, ambao hubeba sehemu kubwa ya mzigo kila mtu anaporuka na kutua. Sehemu yake ya kati hupata damu kidogo, kwa hivyo ukipata ufa hupona polepole, na mara nyingine hauungi vizuri. Kwa mtu wa kimo cha kawaida mfupa huo huenda usilalamike maisha yake yote. Kwa mtu wa futi saba, anayeruka mamia ya mara kwa juma, huo ndio mlango wa msiba. Mfupa huo ndio uliomtesa Bill Walton wa Marekani, Yao Ming wa China, Joel Embiid wa Kamerun, na Bol Bol, ambaye ni wa kwetu.

Wayo wa Bol

Nasema ni wa kwetu kwa sababu Bol alizaliwa Khartoum mwaka 1999 katika ukoo wa Wadinka wa Sudan Kusini, nchi ambayo tangu mwaka 2016 ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Baba yake ni marehemu Manute Bol, yule mtu wa futi saba na inchi saba aliyeingia NBA mwaka 1985 akiichezea klabu ya Washington. Bol mwana alipokuwa Chuo Kikuu cha Oregon alicheza mechi tisa tu katika msimu wa 2018-19, kisha mfupa wa wayo wa kushoto ukapata ufa. Kijana aliyetarajiwa kuteuliwa miongoni mwa wa mwanzo akasubiri hadi nafasi ya 44 mnamo Juni 2019, na akaishia Denver.

Kilichotokea Januari mwaka 2022 ndicho ninachotaka vijana wa Kambu wakitafakari. Denver ilikubaliana na Detroit kumtoa Bol ili ipate mchezaji mwingine na haki ya uteuzi katika mzunguko wa pili. Mapatano yakatangazwa. Lakini madaktari wa Detroit walipompima, hawakuridhika, na biashara ikavunjwa. Siku chache baadaye mguu wake ulifanyiwa operesheni. Kufumba na kufumbua, akapelekwa Boston akiwa mgonjwa, na Februari ya mwaka huo huo Boston ikampeleka Orlando bila ya kumchezesha hata mechi moja.

Mtu angedhani mambo yamekwisha. La hasha! Orlando, timu changa ambayo haikuwa na haraka ya kutwaa kombe, ilimwacha apone. Katika msimu wa 2022-23, Bol alicheza mechi 70 kati ya 82 na kupata wastani wa pointi tisa kwa mechi. Hakuwa nyota, na Orlando ilimwachilia Julai 2023, naye akaenda Phoenix. Lakini mechi 70 si haba kwa mguu ambao mwaka mmoja na nusu kabla yake ulikuwa umekataliwa mlangoni.

Je, Detroit ilikosea? Hasha. Madaktari wake walifanya kazi yao, na operesheni iliyofuata yathibitisha kwamba tatizo lilikuwapo. Je, Orlando ilibahatisha? Nayo hapana, maana ilichukua mtu wa bei ndogo, kwa subira kubwa, bila ya kumtwika mzigo wa nyumba nzima. Klabu mbili zilitoa majibu mawili yanayopingana, na zote mbili zilikuwa na haki, kwa kuwa hali zao hazikuwa sawa.

Walton wa klabu tatu

Kisa cha Bill Walton, aliyefariki dunia Mei 2024 akiwa na umri wa miaka 71, kinalieleza jambo hili kwa ukamilifu zaidi. Portland ilimteua wa kwanza mwaka 1974. Mwaka 1977 aliiongoza kutwaa ubingwa, na msimu uliofuata timu ilikuwa imeshinda mechi 50 na kupoteza 10 tu alipovunjika mguu. Pamoja na kwamba alicheza mechi 58 pekee, alitawazwa mchezaji bora wa ligi mwaka 1978. Hapo ndipo makosa makubwa yalipotendeka. Katika mechi za mchujo alidungwa sindano za kutuliza maumivu ili apate kucheza, na picha ya eksirei iliyopigwa baadaye ikaonyesha mfupa wa wayo umevunjika. Sindano iliyanyamazisha maumivu, na maumivu yalipokuwa yamenyamaza mfupa uliendelea kusagika. Walton hakuichezea tena Portland.

Mwaka 1979 klabu ya San Diego Clippers ilimchukua na kumfanya nguzo yake. Portland ililipwa fidia ya wachezaji, haki ya uteuzi na fedha. Clippers walipata nini? Mechi 14 katika msimu wa kwanza, na misimu miwili iliyofuata hakucheza hata moja. Timu yote ilikuwa imejengwa juu ya wayo mmoja, na wayo ulipokataa, timu ikaanguka nao. Wazee wetu walisema jifya moja haliinjiki chungu.

Sasa tazama mwaka 1985. Boston ilimtoa Cedric Maxwell pamoja na haki moja ya uteuzi wa mzunguko wa kwanza ili impate Walton huyo huyo, mwenye umri wa miaka 32, na miguu iliyochoka zaidi kuliko ile ya mwaka 1979. Kwa hesabu ya kawaida, huo ulikuwa wazimu. Lakini Boston ilikuwa na Larry Bird, Kevin McHale na Robert Parish. Haikumhitaji Walton aanze mechi, wala acheze dakika 40. Ilimtaka apumzishe wengine kwa dakika chache za akili na ustadi. Msimu huo alicheza mechi 80, nyingi kuliko katika msimu mwingine wowote wa maisha yake, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa akiba, na Boston ikawa bingwa mwaka 1986. Msimu uliofuata alicheza mechi 10 tu za ligi. Naam, mguu ulikuwa umerudia tabia yake, lakini kombe lilikuwa kabatini.

Boston hiyo hiyo ilirudia mchezo huo Juni 2023, ilipomtoa Marcus Smart, kipenzi cha mashabiki, ili impate Kristaps Porzingis wa Latvia, mwenye futi saba na zaidi, ambaye goti lake liliharibika mwaka 2018 na ambaye alikuwa amekwisha kuhamishwa mara mbili. Wengi walicheka. Porzingis aliumia katika mchujo wa mwaka 2024, akarudi katika mechi ya kwanza ya fainali na kufunga pointi 20, akaumia tena, akakosa mechi mbili. Boston haikutetereka, kwa kuwa Al Horford alikuwapo kuijaza nafasi yake, na Jayson Tatum na Jaylen Brown ndio waliobeba mzigo mkubwa. Ilitwaa ubingwa kwa kuifunga Dallas mechi nne kwa moja.

Na Dallas? Mnamo Februari 2025 klabu hiyo ilifanya jambo lililowashangaza walimwengu. Ilimtoa Luka Doncic, kijana wa miaka 25 aliyekuwa ameifikisha fainali mwaka uliotangulia, ikampata Anthony Davis wa Los Angeles Lakers, mwenye miaka 31 na historia ndefu ya majeraha. Tarehe 8 Februari, siku ya kwanza kuichezea Dallas, Davis alifunga pointi 26 na kudaka ribaundi 16, kisha katika robo ya tatu akatoka uwanjani kwa maumivu ya msuli wa kinena. Hakurudi hadi Machi 24. Simlaumu Davis hata kidogo, kwani alifanya alichoweza kwa mwili aliopewa na Mungu. Lawama ni za walioacha mbachao kwa msala upitao. Meneja mkuu aliyeifanya biashara hiyo, Nico Harrison, alifutwa kazi Novemba 2025.

Masharti matatu

Kutokana na visa hivyo, naona masharti matatu ambayo timu yoyote yapaswa kujiuliza kabla ya kumchukua mchezaji mrefu mwenye kovu.

La kwanza ni bei. Usitoe kitu ambacho ukikikosa nyumba yako itaanguka. Boston ilitoa watu wazuri, lakini haikumtoa Bird mwaka 1985 wala Tatum mwaka 2023. Dallas ilitoa nguzo.

La pili ni nafasi. Mchezaji wa namna hiyo awe nyongeza juu ya timu iliyokwisha simama. Ikiwa bila yeye hamwezi kushinda, basi hamjamnunua yeye, bali mmenunua kalenda ya daktari wake.

La tatu ni ukweli. Daktari apime kabla ya mkono kutiwa wino, na baadaye awe yeye, wala si kocha, wala si tajiri wa klabu, atakayesema leo huyu acheze au apumzike. Portland ya mwaka 1978 ililivunja sharti hili, na ikalipia kwa kumpoteza mchezaji bora kuliko wote katika ligi.

Najua watakuwapo watakaoniambia kwamba masharti yote hayo ni maneno ya baada ya tukio, na kwamba salama ni kumkwepa kabisa mtu wa namna hiyo. Watanikumbusha Greg Oden, ambaye Portland ilimteua wa kwanza mwaka 2007 mbele ya Kevin Durant, na ambaye magoti yake yalimruhusu kuichezea mechi 82 tu katika miaka yote aliyokaa huko. Hoja yao ina uzito. Lakini Embiid naye alikosa misimu yake miwili ya kwanza baada ya kuteuliwa mwaka 2014, na mwaka 2023 akawa mchezaji bora wa ligi. Angetupwa kwa sababu ya wayo, Philadelphia ingejuta. Ni kweli vilevile kwamba Septemba 2024 klabu hiyo ilimwongezea mkataba wa dola zipatazo milioni 193, na msimu uliofuata akacheza mechi 19 pekee. Mtu mmoja ametuonyesha pande zote mbili za shilingi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kanuni ya kumkwepa kila mwenye kovu ni kanuni ya mvivu wa kufikiri, kama ilivyo ile ya kumkimbilia kila mrefu.

Soko letu lisilo na jina

Msomaji aweza kuuliza: haya yote yanatuhusu nini sisi, ambao ligi yetu ya Kenya haina soko la kubadilishana wachezaji kwa mamilioni ya dola? Klabu zetu kubwa kadhaa ni za waajiri. Ulinzi ni ya wanajeshi, na KPA ni ya Halmashauri ya Bandari. Huko mchezaji hutafuta kazi pamoja na mpira, na hiyo ni heri kwake.

Lakini tunalo soko jingine, lisilo na jina wala sheria inayoonekana, nalo ni soko la wanafunzi warefu. Shule yenye tamaa ya kombe husikia kwamba katika kata fulani kuna mvulana anayeinama akipita mlangoni. Mjumbe hutumwa, karo huahidiwa, na kijana huhama. Hakuna mkataba, hakuna daktari, hakuna fidia. Hata mkulima wa huku kwetu anayekwenda mnadani kununua maksai wa kulima humtembeza kwanza, akamtazama kwato na magoti, ndipo akafungua mfuko. Mtoto wa mtu hatembezwi hata hatua mbili.

Namfahamu kijana mmoja wa pande hizi ambaye sitamtaja, wala sitaitaja shule iliyomchukua. Goti lake lilikuwa likivimba tangu kidato cha kwanza. Hakuna aliyeuliza, naye hakusema, kwani nani angesema na mama yake anauza mbuzi mmoja mmoja kwa ajili ya karo? Katika mashindano ya shule, ambapo mechi nyingi hurundikwa katika siku chache, alichezeshwa zote juu ya sakafu ya saruji. Goti lilipovimba lilifungwa bendeji, akarudishwa uwanjani. Muhula uliofuata hakuweza kukimbia, na ahadi ya karo ikayeyuka kama umande. Alirudi nyumbani na deni, akakaa mwaka mzima nje ya darasa. Hospitali yenye mtaalamu wa mifupa haiko mlango wa pili kwa mtu wa Kambu, na nauli ni pesa.

Hapo ndipo palipo na tofauti kubwa baina ya Walton na kijana huyo. Walton alipoumia alikuwa na mkataba. Bol alipokataliwa na Detroit mshahara wake uliendelea. Wa kwetu hupoteza goti na masomo kwa siku moja.

Kwa sababu hiyo, natoa rai kwa walimu wa michezo, bodi za shule na wakuu wa elimu katika kaunti ya Makueni na kwingineko. Mwanafunzi anayehamishwa kwa ajili ya mchezo apimwe na daktari kwanza, na mzazi aelezwe matokeo. Ahadi ya karo iandikwe, tena iandikwe kwamba itadumu hadi amalize masomo, awe anacheza au hachezi. Idadi ya mechi kwa siku iwekewe mpaka. Na mwalimu anayeona goti limevimba asiwe na mamlaka ya kumrudisha mtoto uwanjani kwa kuwa tu fainali ni kesho.

Wazazi nao wasione haya kuuliza. Mjumbe akija na sifa za shule yake, aulizwe: mwanangu akiumia siku ya kwanza, siku ya pili atalala wapi na atasoma na nani? Akibabaika, basi jibu mmekwisha kulipata.

Vipaji havijakauka katika eneo hili la Afrika. Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyelelewa Uganda, aliteuliwa wa kumi mwaka 2025, na timu ya taifa lake ilicheza Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Yamkini yuko mwingine wa namna hiyo anayechunga mbuzi baina ya hapa na vilima vya Chyulu. Atakapoonekana, watakaomtaka watakuwa wengi.

Jibu langu kwa vijana wanaobishana jioni ni hili. Mchezaji mrefu mwenye kovu achukuliwe, ikiwa bei haivunji nyumba, ikiwa timu yaweza kusimama bila yeye, na ikiwa daktari ndiye mwenye neno la mwisho. Timu isiyoweza kumtunza akiwa benchi haina haki ya kumtaka uwanjani.